Pesa inalala wapi?

Ijumaa moja jioni, watu wameshaanza kufunga kompyuta zao, mzee wetu wa hesabu alikuja mezani kwangu na karatasi moja mkononi. Hakuketi. "Mama Leseni," aliniita kwa jina nililobandikwa na vijana wa programu, "daftari letu linasema wateja wana kiasi hiki. Benki inasema kuna hiki." Akaweka kidole juu ya tofauti. Ilikuwa na tarakimu nne tu, na kwa kampuni iliyokuwa ikipitisha mamilioni kwa siku hilo ni vumbi. Ila vumbi lenyewe lilikuwa upande mbaya. Wateja walikuwa wanatudai zaidi ya kilichokuwepo.

Nilikuwa afisa wa uzingatiaji wa sheria katika kampuni changa ya malipo. Kwa maneno mepesi, kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya watu wanaotaka kuzindua kitu kesho asubuhi na mdhibiti anayetaka barua ya kurasa arobaini kabla ya hiyo asubuhi kufika. Nimeitwa breki, nimeitwa mkia, nimeitwa mengine ambayo sitayaandika. Lakini miaka ile ilinifundisha kwamba sehemu kubwa ya mabishano kuhusu sheria na teknolojia ya fedha huyeyuka ukishauliza swali moja, nalo ni hili: pesa inalala wapi?

Swali si langu. Ni la mwanasheria mkongwe niliyeanza kazi chini yake. Ukimpelekea mchoro wa bidhaa mpya, wenye mishale ya rangi na viduara, alikusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza. Halafu alichomoa penseli. "Haya. Sasa ni saa sita usiku. Mteja ameshatuma, mpokeaji hajatoa. Pesa imelala kwa nani? Na mwenye nyumba akifa usiku huohuo, mlango atafungua nani?" Vijana walikuwa wanacheka. Hata mimi nilicheka mara ya kwanza.

Chukua mfano ambao kila mtu wa fani hii anaujua, ingawa wengi huusimulia kombo. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, nchi ile haikuwa na sheria ya pesa za simu. Simulizi inayopendwa ni kwamba mdhibiti alifumba macho, mambo yakajiendea. Hakufumba macho hata kidogo. Benki Kuu ya Kenya ilifungua Sheria ya Benki ikasoma tafsiri ya "biashara ya benki" neno kwa neno. Tafsiri ile ina miguu miwili: unapokea amana za umma, kisha unazitumia amana hizo, kwa kukopesha au kuwekeza, kwa faida na hasara yako mwenyewe. Mguu wa kwanza Safaricom, kampuni ya simu yenye huduma ile, walikuwa nao, au tuseme walikuwa na kitu kinachofanana nao sana. Wa pili hawakuwa nao. Kila shilingi iliyopokewa na wakala ilitakiwa iwepo nzima katika akaunti ya udhamini kwenye benki ya biashara, chini ya mdhamini ambaye ni kampuni nyingine, na Safaricom wasiweze kuichota kulipia mishahara wala minara. Pesa haikopeshwi, haiwekezwi, imelala tu. Basi hii si benki. Ikatoka barua ya kutokuwa na pingamizi, huduma ikaanza.

Kuna wanaoiita barua ile ulegevu. Mimi naiona kali kuliko leseni nyingi nilizowahi kuzijaza. Benki yenye leseni inaruhusiwa kukopesha sehemu kubwa ya amana zako kabla hujafika nyumbani. Huyu mgeni asiye na leseni aliambiwa asiguse hata senti. Ndiyo maana mwishoni mwa 2008, kaimu waziri wa fedha John Michuki alipoagiza huduma ichunguzwe, huku mabenki yakilalamika kwamba kuna mtu anafanya kazi yao bila kubeba mzigo wao, uchunguzi haukukuta sababu ya kuifunga. Swali la pesa inalala wapi lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa na namba ya akaunti.

Sheria yenyewe ilikuja baadaye: Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Malipo mwaka 2011, na kanuni zake 2014. Miaka saba tangu uzinduzi! Ukizisoma kanuni zile baada ya kuijua historia, utaona kwamba kwa kiasi kikubwa ziliandika kilichokuwa kikifanyika tayari. Kwangu hilo ni sifa. Mshonaji alimpima mtu aliyesimama mbele yake.

Ulaya walifanya kinyume. Mwaka 2000 walitunga mwongozo wa pesa za kielektroniki wakati pesa zenyewe bado ni ndoto za kwenye makongamano. Wakaweka sharti la mtaji wa kuanzia wa euro milioni 1, pamoja na vizuizi vingine vya kila aina. Wakangoja wageni. Wageni waliofika walikuwa wachache mno, na mwaka 2009 wakaandika mwongozo mpya ulioshusha mtaji ule hadi euro 350,000. Nguo ilikuwa imeshonwa kwa mtu ambaye hajazaliwa, na alipozaliwa ikambana makwapani.

Lakini msinielewe vibaya kwamba napendekeza kila mara tungoje. Nitafika kwenye gharama ya kungoja.

Kwanza niseme kidogo kuhusu majina, maana hapa ndipo nimepoteza saa nyingi za maisha yangu. Mtu wa teknolojia hupenda kuamini kwamba kitu chenye jina jipya ni kitu kipya. Mtu wa sheria naye ana ugonjwa wake: huamini kwamba kila kitu kinaingia kwenye kabati la zamani, hata kama lazima ukisukume kwa goti. Mara moja niliomba leseni ya pochi ya simu mahali ambapo fomu iliyopo ilikuwa ya maduka ya kubadilisha fedha. Sehemu mojawapo ilitaka nieleze unene wa ukuta wa chumba cha kuhifadhia noti, na kama mlango wake una kufuli mbili. Hatukuwa na chumba. Hatukuwa na noti. Nilipiga simu kuuliza, dada wa upande wa pili akasema kwa upole kabisa, "Andika tu kitu, mama, mfumo haukubali nafasi tupu." Nikaandika: "Hakuna ukuta." Ombi likarudishwa baada ya wiki sita na maelezo kwamba ukuta unahitajika.

Hata hivyo kabati la zamani siyo baya kila mara. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya kampuni ya W. J. Howey ya Florida. Kampuni ile ilikuwa ikiuza vipande vya shamba la michungwa, na wanunuzi wengi hawakuwa na mpango wa kushika jembe. Walinunua mistari ya miti, wakaikodisha kwa kampuni dada iliyolima, ikavuna, ikauza, nao wakangoja gawio. Mahakama ikasema huku si kuuza ardhi. Mtu anatoa fedha, anaziweka kwenye shughuli ya pamoja, anatarajia faida kutokana na jasho la wengine: huo ni mkataba wa uwekezaji, na masharti ya dhamana za mtaji (hisa, hati na mfano wake) yanakuhusu. Miaka 71 baadaye, Julai 2017, tume ya dhamana ya Marekani ilitumia kipimo hichohicho kuandika kwamba tokeni, yaani vipande vya kidijitali vilivyouzwa mtandaoni, za mradi ulioitwa The DAO zilikuwa dhamana. Michungwa ikawa tokeni. Kipimo kiliwahi kutumika vizuri na vibaya tangu hapo, na mabishano yake mahakamani yamelisha wanasheria wengi, lakini siri ya umri wake ni kwamba hakikuuliza kitu kinaitwaje. Kiliuliza nani anatoa, nani anafanya kazi, nani anangoja.

New York waliamua kutengeneza kabati jipya kabisa mwaka 2015, leseni maalumu ya biashara za sarafu za kidijitali. Kampuni kadhaa, Kraken mojawapo, zilifungasha virago zikaondoka jimboni kuliko kuiomba. Sitakaa hapo. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na nimeshachoka kuzisikia.

Sasa gharama ya kungoja, au niseme gharama ya kutazama upande usiofaa.

Wirecard ilikuwa fahari ya Ujerumani, kampuni ya malipo iliyopanda mpaka kwenye orodha ya hisa kubwa 30 za nchi. Mdhibiti wa fedha, BaFin, alikuwa akisimamia benki ndogo iliyokuwa tumboni mwa kundi lile. Kundi lenyewe lilihesabiwa kuwa kampuni ya teknolojia. Waandishi wa Financial Times walipoanza kuandika kwamba mapato yana harufu, BaFin mwaka 2019 alipiga marufuku kwa miezi miwili watu kuweka dau kwamba hisa zile zitashuka, na akapeleka malalamiko ya jinai dhidi ya waandishi. Rudia kusoma sentensi hiyo. Juni 2020 ikabainika kwamba euro bilioni 1.9, zilizodaiwa kulala katika akaunti za udhamini kwenye benki mbili za Ufilipino, hazikuwepo. Benki zote mbili zilisema nyaraka ni za kughushi. Benki kuu ya Ufilipino ikasema pesa zile hazikuwahi hata kuingia nchini. Hakuna aliyeiba usiku. Kitanda kilikuwa kitupu tangu mwanzo, na miaka nenda rudi watu wazima wenye shahada walikuwa wakitia saini kwamba kuna mtu amelala.

Kitu kilichonikaa zaidi ni jambo dogo la pembeni. Kampuni tanzu ya Wirecard kule Uingereza ndiyo iliyokuwa ikitoa kadi kwa niaba ya programu nyingi ndogo za fedha. Mdhibiti wa Uingereza alipoifungia kwa siku kadhaa mwishoni mwa Juni, watu ambao hawakuwahi kulisikia neno Wirecard walikuta kadi zao zimekufa. Wengine walikuwa wanapokelea mishahara na posho humo. Walimwamini mwenye duka wakasahau kuuliza ghala ni la nani.

Na kama hiyo haikutosha, kuna Synapse. Hii nitaikalia, kwa sababu ni hadithi ya Ijumaa yangu, tofauti ni idadi ya sufuri.

Synapse ilikuwa kampuni ya Marekani ambayo mteja wa kawaida hakuiona. Ilikaa katikati. Upande mmoja kulikuwa na programu za simu zenye rangi nzuri zinazokuambia weka akiba hapa, pesa yako iko kwenye benki yenye bima ya serikali. Upande wa pili kulikuwa na benki halisi, Evolve mojawapo. Katikati ni Synapse, mwenye daftari. Benki ilikuwa na akaunti kubwa za pamoja zilizoandikwa "kwa manufaa ya wateja". Ndani ya chungu kile, nani ana kiasi gani, anayejua ni mwenye daftari. Aprili 2024 Synapse ikaomba ulinzi wa ufilisi. Mei, benki zikazuiwa kuona daftari, na zaidi ya watu 100,000 wakafungiwa nje ya pesa zao. Aliyeteuliwa kusimamia ufilisi alikuwa Jelena McWilliams, aliyewahi kuongoza shirika la bima ya amana, FDIC. Alipojumlisha madaftari na salio za benki akakuta pengo la kati ya dola milioni 65 na 96. Benki hii ikisema pesa ziko kwa ile, ile ikisema zilishahamishwa.

Na bima ya serikali? Bima ile inalipa benki ikianguka. Hakuna benki iliyoanguka. Aliyeanguka ni mwenye daftari, na daftari halina bima. Watu walikuwa wameweka akiba za nyumba, za shule, za matibabu, chini ya nembo ya bima isiyowahusu kwa ajali iliyowapata. Nilisoma barua walizomwandikia jaji, zile zilizowekwa wazi mahakamani, na nikashindwa kuzimaliza kwa siku moja.

Septemba mwaka huohuo FDIC ikatoa pendekezo la kanuni: benki inayoshika akaunti za pamoja za namna hii iwe na kumbukumbu za nani anamiliki nini, na hesabu zilinganishwe kila siku. Nilipolisoma niliwaza juu ya mzee wetu wa hesabu na karatasi yake. Ubunifu wote ule, programu, rangi, wawekezaji, na dawa yake ni mtu wa kulinganisha nguzo mbili za namba kila jioni kabla hajaenda nyumbani.

Hapa mtu ataniuliza, je, si ndiyo maana kuna mazingira maalumu ya majaribio, yale ambayo mdhibiti anakuruhusu ujaribu bidhaa kwa wateja wachache chini ya macho yake? Uingereza walianza 2016. Kundi la kwanza liliombwa na kampuni 69, zikapokewa 24. Wazo likasambaa duniani kwa kasi ambayo ningetamani kanuni za kulinganisha hesabu zisambae. Nimepita huko mara mbili. Faida yake ni ya kweli: unapata mtu mmoja wa kumpigia simu, naye anajifunza bidhaa kabla haijaota meno. Ila majaribio hupima kama kitu kinafanya kazi kikiwa kidogo. Synapse ikiwa na wateja mia mbili ingekuwa kazi ya asubuhi moja kwenye jedwali. Matatizo ya fedha mengi hayaonekani kwenye bustani. Huonekana msituni.

Kuna nchi zimeamua kulijibu swali la kulala kwa amri fupi. China ilipokuwa na kampuni za malipo zinazoshika salio za mamia ya mamilioni ya watu na kula riba yake, benki kuu ilipandisha taratibu kiwango kinachotakiwa kuwekwa kwake, mpaka Januari 2019 ikawa asilimia 100. Yaani pesa za wateja zote zije zilale kwangu. Riba tamu ikaisha. Wanaosema ni ukatili wanasahau walikotoka: majukwaa ya kukopeshana mtandaoni yalikuwa yamefika maelfu, likiwemo Ezubao lililoanguka likiwa limechukua fedha za watu wapatao 900,000, na kufikia Novemba 2020 mamlaka zikatangaza kwamba majukwaa ya aina ile yamebaki sufuri. Sufuri kamili. Hiyo nayo ni namna ya kudhibiti, ingawa mimi nisingependa kuwa afisa wa uzingatiaji katika kampuni namba 4,000 siku habari ilipofika.

India walikwenda njia ninayoipenda zaidi. Septemba 2022 benki kuu yao ilitoa mwongozo kuhusu mikopo ya kwenye simu, na moyo wake ni sharti moja: mkopo utoke kwenye akaunti ya mkopeshaji mwenye leseni uingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopaji, na marejesho yarudi kwa njia hiyohiyo. Programu iliyo katikati isiwe na akaunti ya kupitishia. Hawakubishana kama programu ile ni benki, dalali au mshauri. Waliondoa kitanda. Usipolaza pesa ya mtu, nusu ya maovu unayoweza kuyafanya yameisha, na nusu iliyobaki (riba za kunyonga, kupiga simu kwa wajomba wa mdaiwa) inahitaji sheria za aina nyingine.

Sarafu za kidijitali zinazofungamanishwa na dola zinanifurahisha, kwa sababu ndani yake swali la mkongwe wangu limekuwa sheria waziwazi. Juni 2019 Facebook ilitangaza Libra, sarafu ya dunia nzima itakayokingwa na kapu la akiba. Serikali zilishtuka kwa namna ambayo bitcoin haikuwahi kuzishtua kwa miaka kumi. Libra ikabadilishwa jina, ikapunguzwa, na Januari 2022 mabaki yake yakauzwa. Haikuwahi kutumika hata siku moja, lakini kivuli chake kilizaa kanuni kubwa ya Umoja wa Ulaya, MiCA, ambayo sehemu yake kuhusu sarafu za aina hii ilianza kutumika mwisho wa Juni 2024. Sijui bidhaa nyingine iliyotungiwa sheria nene hivyo ikiwa imeshazikwa.

MiCA inasema angalau asilimia 30 ya fedha za akiba zinazoikinga sarafu, na asilimia 60 kwa sarafu kubwa, zilazwe benki. Ukisikia haraka unaona ni busara. Lakini Machi 2023 Silicon Valley Bank ilipofungwa siku ya Ijumaa (Ijumaa tena!), Circle, wanaotoa USDC, sarafu ya aina hii, walikuwa wamelaza humo dola bilioni 3.3. Sarafu ambayo kazi yake pekee duniani ni kuwa dola moja ikashuka chini ya senti 90 mwisho wa wiki, ikapona tu baada ya serikali ya Marekani kusema wenye amana wote watalipwa. Kitu kilichosifiwa kuwa kimeachana na mabenki kilikuwa na mguu mmoja ndani ya benki, na mguu huo ndio ulioungua. Sheria ya Marekani iliyotiwa saini Julai 2025, GENIUS, inaruhusu akiba ilale kwenye fedha taslimu, amana na hati fupi za hazina (mikopo ya muda mfupi kwa serikali), na inataka yaliyomo yatangazwe kila mwezi. Ulaya wanataka sehemu kubwa ilale benki, Marekani wanaacha mlango wazi zaidi kwa hati za hazina. Ni bishano zito, watu wenye akili wako pande zote, na ninafurahi kwamba angalau linahusu kitanda.

Swali dogo ambalo huwa linasahauliwa: pesa ikilala, huzaa. Riba ya usingizi ni ya nani? Tanzania, mwaka 2014, Tigo Pesa ilianza kugawia wateja faida ya akaunti za udhamini. Kenya riba ile ilielekezwa kwenye shughuli za hisani. Ulaya mtoaji wa pesa za kielektroniki haruhusiwi kumlipa mteja riba, na GENIUS nayo inamkataza mtoaji wa sarafu kufanya hivyo. Sababu inayotajwa ni kwamba ukilipa riba unafanana na benki. Nimeisikia hoja hiyo kwenye mikutano mingi, na kila mara aliyeisema kwa sauti kubwa zaidi alitoka benki. Sina la kuongeza.

Turudi kwenye Ijumaa. Hatukwenda nyumbani. Mzee wa hesabu, mimi, na kijana mmoja wa programu ambaye alikuwa ameshavaa begi mgongoni, tulifungua miamala ya siku nzima tukaanza kupekua. Karibu na saa kumi alfajiri kijana akaiona. Mtandao wa benki ulikuwa umekwama mchana kwa dakika chache. Mfumo wetu, kwa bidii yake, ulirudia kuomba urejeshaji wa malipo yaliyoshindikana. Benki ikarejesha mara moja, daftari letu likaandika mara mbili. Wateja kumi na mmoja walikuwa na salio lisilokuwepo, na wawili walishalitumia.

Mkurugenzi wetu, tulipomwamsha, alitaka tufute maingizo ya ziada asubuhi na tusonge mbele. Mzee alimjibu kwa heshima, kama anavyojibu siku zote, "Bosi, kwanza tujaze pengo kwa pesa ya kampuni. Halafu tufute. Sio kinyume chake." Tukajaza. Jumatatu nikaandika barua kwa mdhibiti, ukurasa mmoja na jedwali. Nilitarajia adhabu, au angalau mkutano. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, mistari miwili: asante kwa taarifa, na tafadhali tuelezeni ni nani hulinganisha hesabu siku za mapumziko. Hatukuwa na mtu. Kuanzia wiki ile tukawa naye.

Kijana yule wa begi sasa ana kampuni yake. Miezi miwili iliyopita alinitumia picha ya mchoro wa bidhaa yake mpya, kitu cha kugawana malipo kati ya watu walio nchi tofauti, akitaka maoni. Mishale ilikuwa ya rangi kama kawaida. Katikati alikuwa amechora kitanda, na mto juu yake, na pembeni ameandika kwa penseli: "Inalala hapa, Mama Leseni. Mwenye nyumba bado namtafuta."